Kaburi la Njiani Kate

Niliondoka Majengo, mjini Sumbawanga, kwa sababu duka nililokuwa nauzia lilifungwa, na kushinda kijiweni kulishanichosha. Nikasikia huko Nkasi wanajenga barabara na wanatafuta washika bendera wa kusimamisha magari. Nikadandia lori la kifusi asubuhi, nimejaa matumaini ya kijinga.

Tulipoiacha Sumbawanga, uwanda ukafunguka: mashamba ya ulezi, upepo wa baridi unaopenya koti, na vumbi jekundu.

Kijijini Kate nilipata chumba kwa Bibi Kristina, mjane. Kaburi la mumewe lilikuwa limeangukia kwenye njia mpya. Hakukataa lihamishwe. Aliomba kitu kimoja tu: mwanawe mkubwa Deo, mvuvi wa Kirando, ndiye apige jembe la kwanza, maana katika ukoo wao mzazi hafukuliwi na mgeni.

"Bibi, ondoa wasiwasi," foromeni wetu alimwambia mbele yangu. "Mpaka Jumamosi mwanao afike, hatugusi."

Alhamisi mawingu yakatanda. Kifusi kikilowa kabla hakijashindiliwa huwa tope na kazi hurudiwa, kwa hiyo mawingu huwatia mabosi wazimu. Ijumaa alfajiri tulisikia greda. Tulipofika mbio, msalaba ulikuwa umetupwa ukingoni na mtambo wa kushindilia ulikuwa unapita pale pale juu ya kaburi.

"Mvua, bibi," alisema foromeni. "Ningefanyaje?"

Mimi nilitamani kumtukana, lakini zamu ilikuwa imeanza, nikavaa kizibao changu cha kazi. Mvua yenyewe haikunyesha.

Jumamosi Deo alifika na jembe begani na shuka jeupe jipya la kumfunikia baba yake.

"Shikamoo, mama. Tuanzie wapi?"

"Pale, baba," alisema, akionyesha katikati ya barabara.

Nikainua bendera nyekundu, magari yakasimama. Deo akapiga jembe, likadunda. Akapiga tena kwa nguvu zote, likadunda. Madereva wakaanza kupiga honi. Mama yake akalichukua lile shuka, akalikunja taratibu, akamwambia, "Basi, mwanangu. Twende nyumbani."

Mwezi uliofuata niliacha kazi, nikarudi mjini kwa basi. Tulipopita juu ya lile kaburi hatukuhisi hata mtikisiko.

"Jamani, hii ndiyo barabara!" alisema mama mmoja aliyekaa kiti cha jirani. "Wamejenga kweli kweli."

Kazi ya barabara ilikuwa imenifundisha barabara nzuri ni ipi. Nikamjibu:

"Ni kweli, mama. Tuliishindilia vizuri sana. Hata jembe haliingii."