Kiboko wa Ukoo wa Mama

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha ya kiboko kwenye simu, nikasikia tena harufu ya matope ya Mto Mara. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, nilikuwa na mama akifua kwenye ncha ya mawe inayoingia mtoni, kiboko akatokea nyuma yetu na kuziba njia, akikoroma.

“Usitikisike, mwanangu,” mama alinong'ona.

Ukoo wa mama ulimheshimu kiboko kama ndugu, nami niliamini kiboko naye anatujua. Nikamsogelea, nikasema, “Shikamoo, mjomba.”

Mama aliruka katikati yetu, na kiboko akambamiza nyonga kwenye mwamba kabla ya kutumbukia majini.

Nyumbani mama alimwambia baba kwamba ameteleza. Alichechemea maisha yake yote, majirani wakimtania kwamba hatazami anapokanyaga, na mimi, niliyejua, nilicheka pamoja nao.