Metre mpya ya Mzee Ramazani

Leo nimemfokea Mzee Ramazani mbele ya mteja, na mpaka sasa siwezi kukaa chini.

Tunatengeneza kitanda katika atelye yetu ya useremala, hapa Gihundwe. Jana Mzee alichimba matundu. Leo mimi napasua mbao za kuingia humo.

Ya kwanza ikakataa kuingia.
Nikasogeza chuma cha masini ya kupasulia kinachoegemeza mbao, kama unywele tu. Nikapasua tena.
Ikakataa!
Unywele mwingine. Wapi!

Mteja, maman mwenye kitanda, amesimama mlangoni, arusi ya mtoto wake ni Jumamosi.
Nikapaza sauti: «Mzee, matundu yako iko madogo!»

Mzee akachukua patasi, akaanza kuyapanua.

Kwenye tundu la tatu akaniuliza pole pole: «Papa, unapima na metre gani?»

Ile mpya. Aliyoninunulia yeye mwenyewe leo asubuhi.
Ya zamani ilikatika sentimita ya kwanza, kwa hiyo kila kipimo tuliongeza moja.
Mkono wangu bado unaongeza.

Miaka sita nimerekebisha metre mbovu. Leo nimepewa nzima, nayo nikairekebisha.

Mbao nitazipunguza. Lakini yale matundu matatu aliyoyapanua Mzee, nitayaziba na nini? Niambieni.