Maua ya Kwenye Ufa, Kiseke

Ko-ko, ko-ko. Mpaka leo mtu akigonga chuma popote, narudi Kiseke nikiwa darasa la nne, akina mama wakiponda kokoto mlimani, mama yangu akiwa mmoja wao. Juu yao ulikuwepo mwamba mkubwa wenye ufa, na kwenye ufa ule, mvua za kwanza za vuli zikishanyesha, yalichomoza maua mekundu ya mviringo, makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, bila hata jani moja. Jina hatukulijua, sisi watoto tuliyaita mipira. Udongo wenyewe ulikuwa wa kujaa kiganja tu, lakini yalikuja kila mwaka, na mimi nilidhani yatakuja milele.

Mwaka ule zamu ya mwamba ikafika. Babu Masanja, aliyekuwa akipasua mawe kwa moto, akaanza kupanga magogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba. Umekuja kuchoma viazi au kulilia jiwe?"

"Maua yataungua."

Mama akacheka bila kuinua kichwa. "Ua halipikwi, mwanangu. Haya, yachimbue kabla babu hajawasha."

Nilichimbua mashina yake manne ya chini, mviringo kama vitunguu, kwa vidole, kucha zikatoka damu, nikavipanda kwenye kopo la rangi mlangoni kwetu. Maua yakanyauka, yakaja majani mapana, nikatamba mtaa mzima. Kiangazi majani nayo yakakauka. Nikaogopa, nikayapa maji, kikombe asubuhi, kikombe jioni, hata siku ambazo nyumbani tulinawa kwa zamu. Vuli ikarudi, kopo kimya. Nilipolimwaga, vitunguu vilikuwa uji, vinanuka kama viazi vilivyooza.

"Haya hulala na kiu, mchumba," Babu Masanja akaniambia, safari hii bila utani. "Wewe umeyalowesha yamelala."

Wahenga walisema wema usizidi uwezo. Wa kwangu ulizidi, ukaua.

Sasa mlima wote umejaa nyumba, nyingine zimesimama juu ya kokoto za mama. Mimi bado naota ndoto mpya kila wiki, ila hii ya kuiona mipira tena imegoma kuoteka. Oktoba iliyopita, mvua ya kwanza ilipokatika, nilikwenda peke yangu nyuma ya choo cha jirani, kwenye jiwe la mwisho lililobaki, nikachimba ufa wake kwa kijiko. Saruji iliyoganda, vipande vya mfuko wa plastiki, basi. Nikaurudisha udongo, nikaushindilia kwa kidole gumba, nikaosha kijiko kwenye dimbwi.