Kiti cha Dirishani

Nyumba yetu ya Mji wa Kale iko kwenye kichochoro chembamba mno, hata ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kugusa ukuta wa jirani. Jua huingia kwa muda mfupi tu, asubuhi, kupitia dirisha moja la orofani, na hapo ndipo mama yangu alipoweka kiti chake tangu sijazaliwa. Mama hushona kofia kwa mkono, zile nyeupe zenye matundu madogo madogo yanayozungushiwa uzi. Kofia moja humchukua wiki nyingi.

Kiti hicho nilikichukua mimi. Nilikuwa nimehudhuria kikao cha waandishi, tukaambiwa kwamba mwandishi hangoji apate siku nzima. Akae dakika ishirini kila siku, pahali pamoja, saa ile ile. Nikarudi nyumbani na daftari jipya na kichwa kikubwa. Nilimweleza mama kwamba saa yangu itakuwa asubuhi, kabla sijaenda Ndia Kuu kwenye duka ninakouzia watalii vinyago, na kwamba sitaki mtu chumbani. Hakubisha. Alichukua kofia yake na kijaluba cha sindano akaenda kukaa ngazini, na mimi nikaona hiyo ni haki yangu.

Wiki ya kwanza niliandika kweli. Ya pili niliandika tarehe na sentensi moja, nikaikata. Baada ya hapo nikawa naingia, nafunga mlango, naweka daftari mapajani, kisha natazama mpira wa jana kwenye simu, sauti chini. Dakika ishirini zikawa saa nzima, mpaka jua likaondoka dirishani. Nikitoka, mama huniuliza kama kazi imekwenda vizuri, nami humjibu bila kupepesa macho kwamba imekwenda vizuri, alhamdulillahi. Nalitaja jina la Mungu juu ya mpira wa miguu. Majirani nao walishapata habari, na akina mama wakipita chini walinyamazishana, kwani juu kuna mtu anaandika kitabu.

Kisha akaja mzee mmoja aliyekuwa amemwagizia kofia mwanawe, bwana harusi. Alisalimia kwa utaratibu, akauliza hali ya kila mtu nyumbani, ndipo akaitoa kofia kwenye karatasi na kuiweka mezani. Upande mmoja matundu yalikuwa yamepanda yakaingiliana. Hakulaumu. Alisema tu kwamba harusi iko karibu na ameshapata nyingine. Mama aliomba radhi mara tatu, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kurudishiwa kofia. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, najua fika upande ule ulishonewa wapi, na nikanyamaza. Ule unyamavu nauchukia mpaka leo kuliko uvivu wenyewe.

Mgeni alipoondoka nilimwambia mama yote, simu, mpira, daftari tupu, macho yangu yakiwa sakafuni.

"Nalikuwa nikijua," akasema. "Simu yako naisikia kutoka ngazini."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitoa kwenye kile kiti.

"Nalikuwa nakungoja uone haya mwenyewe."

Asubuhi ya pili nilimrudishia kiti, nikaenda ngazini mimi. Nilifungua daftari na sikuiona mistari. Ilibidi nilisogeze mpaka karibu na pua. Hapo ndipo mama alipokuwa akihesabu nyuzi, na umri wake ule. Niliona haya. Nikaandika kwa kupapasa, dakika ishirini, simu nikiwa nimeiacha jikoni.

Aliniita nimtungie uzi, maana hata juani tundu la sindano halioni tena. Nikatunga. Akaniuliza kama nimeandika. Nikasema sentensi moja. Akataka nimsomee, nami nikasoma:

"Mama yangu alikaa ngazini miezi saba."

Alivuta uzi, akaunyoosha kwenye jua.

"Minane," akasema.