Najma na mbwa wa Ikutha aliyedaiwa na wawili

Saa mbili asubuhi, siku ya soko Ikutha, Najma Idris amepiga goti vumbini nyuma ya zizi la mnada. Kichwa cha mbwa mweusi kimelala pajani pake. Kabla hajagusa sindano, anampitishia kifaa cha kusomea chipu, kuanzia shingoni hadi miguu ya mbele, taratibu, kama anayepiga pasi kanzu ya Idi.

"Lazima nisome kwanza," anasema bila kuinua uso. "Huenda ni mbwa wa mtu."

Kifaa kinanyamaza. Ndipo anapomdunga katikati ya mabega na kumwachia chini ya ngozi chipu yenye namba, ndogo kama punje ya mchele. Mbwa anapepesa macho tu. Mwenyewe, mwanamume wa miraba minne, ndiye aliyefumba ya kwake.

Najma, mzaliwa wa Mwingi, ni msaidizi wa afya ya mifugo, ingawa hapa kila mtu humwita daktari. Alianza kwa kuchanja mbuzi na kuzalisha ng'ombe. Mbwa walikuja baadaye, na maneno yakaja nao. Binti Mwislamu ashinde na mbwa kutwa nzima, watu wanyamaze? Langoni kwake ameweka ndoo ya maji na mkebe wa udongo safi, na haingii ndani kabla ya kujitwaharisha na kubadili nguo.

"Baba aliniuliza swali moja tu: hao mbwa wanafanya kazi gani? Nikamwambia wanalinda mbuzi. Akasema, basi enda kazi."

Wafugaji ndio waliokuwa wagumu. Chipu, na kuisajili kwa jina la mwenye mbwa, ni bei ya kuku wawili wa kienyeji, na kuku wawili si mchezo. Tena wengi walimwambia mbwa wao wana alama tayari. Huku wengi humkata mtoto wa mbwa ncha ya sikio la kushoto, eti akue mkali. Hakuna aliyeona ubaya wa alama ambayo kila mbwa anayo.

Mbula, mjane anayefuga mbuzi nje kidogo ya soko, ndiye aliyekubali wa kwanza. Mbwa wake, Simba, alilinda zizi kuliko ua wa miiba. Mwaka jana mbwa huyo akapotea, na Mbula akamjia Najma na simu mkononi, aonyeshwe alipo.

"Nilifikiria hiyo kitu itaonyesha ako wapi," Mbula anakumbuka. "Daktari akaniambia haionyeshi, inangoja kusomwa. Nikamwambia, wee, umeniuzia redio haiongei."

Maneno hayo yalimchoma Najma. "Hakunitusi. Lakini nilijua huyo mbwa asipopatikana, hakuna mtu hapa atanisikiza tena. Na mwaitu alikuwa anapoteza mbuzi," anasema, akimwita Mbula kama watu wa huku wanavyomwita mama. Fisi walikuwa wamekwisha kubeba mbuzi wawili.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja Kilonzo, mchuuzi anayenunua mbuzi kwa Mbula, akateremsha mbuzi wake katika mji wa Sultan Hamud. Mbwa aliyelala mbele ya duka moja akainuka, akawazunguka mbuzi na kuwakusanya bila kutumwa na mtu. Kilonzo alimjua. Akampigia Mbula simu.

Mbula na Najma wakafunga safari. Mwenye duka, Nyamai, alikuwa amemnunua mbwa huyo soko la Mukuyuni, kwa mtu asiyemjua, na hakuwa tayari kumtoa. Watu wakajaa. Mbula akasema wake ana sikio la kushoto lililokatwa. Nyamai akamwonyesha mbwa wawili waliokuwa wakipita, wote masikio ya kushoto mafupi, na watu wakacheka. Mbula akaita Simba, mbwa akamjia. Nyamai naye akaita Simba, mbwa akamrudia. Ukambani huku, nani hajawahi kufuga mbwa wa jina hilo?

Najma akatoa kifaa. Shingoni, kimya. Katikati ya mabega, kimya. Mtu mmoja akapiga mluzi wa dharau.

"Nilirudia tena kutoka shingoni," anasema. "Halafu nikakumbuka chipu inaweza kutembea chini ya ngozi. Nikashuka nacho pole pole kwa bega."

Karibu na kiwiko cha mguu wa kulia, kifaa kikalia. Najma akawapigia wanaotunza sajili, akafungua spika na kuwasomea namba. Sauti ya msichana ikajibu, umati wote ukisikia: mwenye mbwa ni Mbula, wa Ikutha.

Mbula akaketi pale pale chini, akalia. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Nyamai alikubali, akamfungua mbwa kamba kwa mkono wake. Lakini Najma hujivunia zaidi maneno ambayo Mbula alimwambia mwenye duka: "Mwanangu, wewe pia umeibiwa. Simba akipata watoto, mmoja ni wako."

Tangu hapo wanaoleta mbwa kwa Najma hupanga foleni. Anajivunia kazi yake, na ana haki ya kujivunia. Sasa amenunua kifaa cha pili, naye ana mpango wa kukiacha kando ya barabara kuu, katika duka la mtu anayejua uchungu wa kununua mbwa wa mwingine.

"Kitakaa kwa Nyamai," anasema. "Mtu akitaka kununua mbwa, amsome kwanza. Nataka kila soko likuwe nacho, mpaka mwizi akose pa kuuzia."

Nyamai mwenyewe yuko kwenye foleni leo, ametoka Sultan Hamud kuchukua haki yake. Mbula anafunua kanga na kutoa mtoto wa Simba, mnene, anayepiga miayo.

Najma anampitishia kifaa, shingoni hadi miguuni, hata huyu aliyezaliwa mbele ya macho ya Mbula. Kimya.

"Huyu hana mwenyewe," anatania.

"Ako naye," Nyamai anasema, na kunyoosha mikono.

Najma anachukua sindano. Mtoto wa mbwa anatega masikio, yote mawili mazima.