Posa ya Kaka Mkubwa

Juzi nilikuwa kwenye duka la stesheneri Mabibo, jirani na hosteli za wanachuo, nikingoja nakala zangu. Mbele yangu kijana alikuwa akikunja barua. Msichana anayesoma naye akaingia kumpitia waende darasani. Akaichukua ile barua, akaisoma kalamu mkononi, kama mtu aliyezoea kumsahihishia kazi.

"Hii ni posa," akasema. "Inakuja kwetu."

"Ya kaka mkubwa. Alikuona ulipokuwa unakuja nyumbani tunasoma. Kanituma mimi mshenga, si kwenu wananijua."

"Na wewe ukakubali?"

"Ningemwambiaje? Yule ndiye kanilea."

Mashine ikamaliza nakala zangu; msichana akaisoma barua tena.

"Miaka mitatu mie nangoja ulete barua. Ndo unaleta ya mwenzio."

Kijana akatazama viatu vyake. "Unataka nisiipeleke?"

"Unaniuliza mie?"

Kijana akachukua bahasha pale kaunta. Msichana akasahihisha herufi moja kwenye jina la baba yake, akamrudishia karatasi.

"Ipeleke. Mzee hapendi jina lake likosewe."

Akatoka peke yake.

Kwa desturi zetu, mshenga husema ya aliyemtuma, ya kwake huyaacha nyumbani. Kwa kipimo hicho sijaona mshenga aliyefaa kuliko yule kijana. Nilimwacha pale kaunta akiipaka bahasha gundi taratibu, na mwenzake alishavuka barabara.