Nyumba ya Mjane wa Sigowet

Chepkurui alipenda kukandika nyumba kuliko kula. Mpe udongo na mavi ya ng'ombe, umsikie anavyocheka. Mwaka wa tisini na nne alikuwa darasa la nane, na hakukosa kikundi chetu Jumamosi hata moja. Tulikuwa akina mama wa kanisa na binti zetu, tukiwakandikia wajane na wagonjwa bila malipo, mimi nikiwa kiongozi. Mama yake, Chelangat, ndiye aliyesimama kanisani akaapa kwamba binti yake hatapelekwa tumdo, unyago wa kwetu, akakeketwe, ataenda sekondari. Tukampigia makofi mpaka viganja vikawasha.

Shule zilipofungwa Disemba, Chelangat akatuambia kuna mjane huko Sigowet, nyumba imemwangukia. Twende. Tukakuta nyumba imesimamishwa fito peke yake karibu na mto, mbali na boma za watu. Chepkurui akauliza mbona haina dirisha. Mama yake akadakia kwamba mjane anaogopa wezi. Basi tukaikandika, tukaikandika vizuri.

Jioni Chelangat akaturuhusu twende, yeye akabaki na binti yake, eti wamngoje mwenye nyumba. Mjane gani! Walikuja mashangazi wa Chepkurui, dada za baba yake, na mama yake mzazi akamsukuma ndani akafunga mlango. Ilikuwa nyumba ya kuwaweka wasichana wa tumdo. Wakaketi nje kumngoja mkeketaji. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alitutumia sote, mbwa huyu.

Lakini udongo ulikuwa bado mbichi. Chepkurui akauchimba kwa vidole upande wa nyuma, akang'oa fito, akapenya, akakimbia hadi kwangu akiwa tope tupu. Sikumrudisha.

Wiki iliyofuata Chelangat akaja analia. Akasema mashangazi walimsumbua, kwamba msichana asiyekeketwa hatapata bwana, atachekwa mpaka azeeke. Nilitamani kumfukuza kwa mwiko. Chepkurui akamsikiliza mpaka mwisho, amesimama mlangoni.

"Ungeniambia, mama, ningekataa, tungegombana yakaisha," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nakandika nikimwombea huyo mjane."

Alimaliza sekondari akiishi kwangu. Kwa mama yake hakulala tena hata siku moja.